Mwenye Bendera ni Mimi

Kazi yangu mimi ni nta. Mwaka wa kumi na tisa sasa nawapakia nta skii, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini, warukaji wa timu yetu ya taifa, na kabla ya hapo niliwapakia watoto wa klabu ya kijijini kwetu, chini ya milima ya Karavanke, mpakani na Austria, bila malipo. Kocha wa klabu ile alikuwa Vojko Kavčnik. Tangu tukiwa vijana tulikuwa mtu na mwenzake. Siku alipoitwa timu ya taifa akanitaka na mimi, alikuja kwangu, akasimama mlangoni bila kuvua buti, akasema, "Ciril, fungasha pasi yako." Alimaanisha pasi ya kuyeyushia nta. Mke wangu alidhani tumepata kazi ya kufulia watu nguo.

Miaka mingi baadaye Vojko alifanywa kocha mkuu, na haya ninayoyasimulia yalitokea msimu wake wa tatu katika cheo hicho. Ulikuwa msimu wa Izidor.

Izidor alikuwa wa kijiji chetu. Baba yake alivuka mpaka kwenda kufanya kazi Austria na kazi ikammeza, hakurudi. Mama yake, Marjeta, alikuwa mpishi wa shule ya msingi. Vojko ndiye aliyempandisha Izidor kwenye kilima kidogo cha klabu akiwa na miaka sita, akamfunga skii za kuazima, akamwambia, "Ukifika ukingoni, usifikirie." Mtoto hakufikiria. Alipofika miaka ishirini na minne alikuwa anaruka kuliko mtu yeyote niliyewahi kumpakia skii.

Kuna jambo moja lazima ulielewe, la sivyo mengine yote hayatakuwa na maana. Mrukaji huketi kwenye boriti, juu kabisa ya mteremko atakaoteleza kabla ya kuruka, na kutoka pale hawezi kujua upepo wa huko chini ukoje. Waamuzi wakiona upepo uko ndani ya mipaka iliyowekwa, taa ya kijani huwaka, na kuanzia hapo ana sekunde kumi za kuondoka. Lakini haondoki mpaka kocha ampe ishara. Kocha husimama pembeni, kwenye jukwaa karibu na ukingo wa kurukia, bendera mkononi. Akiona upepo ni mzuri, huishusha: nenda. Sekunde zikiisha bendera ikiwa bado juu, mrukaji hushuka kwenye boriti na jina lake hufutwa. Ikishushwa vibaya, mtu ameshaiachia boriti, na skii hazina breki.

Vojko alijulikana kwa bendera yake. Wenzake walitazama vipimo vya upepo kwenye skrini. Yeye alivitazama, halafu akavua kofia, akaacha sikio moja wazi kwenye baridi hiyo. Mara nyingi alishusha sekunde ya saba, ya nane. Warukaji walilalamika, lakini katika miaka yake yote hakuna aliyewahi kuvunjika hata kidole.

Novemba tulianzia Finland, Izidor akawa wa tatu. Norway akawa wa pili. Wiki moja kabla ya Krismasi, kule Uswisi, alishinda. Siku tuliyorudi, kijiji kizima kilikuwa barabarani na kengele za ng'ombe, na Marjeta alikuwa amesonga ugali wa žganci sufuria nzima, ule wa ngano nyeusi, ameumwagia mafuta ya nguruwe na vipande vilivyokaangwa. Warukaji wanaishi kwa mizani, kilo moja ikizidi ni mita mbili za kuruka zimepotea, kwa hiyo kila mmoja alichota vijiko vitatu akaweka sahani chini kwa aibu. Bine alikataa hata kijiko. Huyu Bine alikuwa mkongwe wa timu, miaka thelathini na tatu, na msimu ule ulikuwa wake wa mwisho.

"Mama Marjeta," alisema, "mimi nimeleta pua tu. Harufu haina kilo."

"Wewe ukistaafu utanenepa mpaka mkeo akukane," Marjeta akamjibu.

"Ndiyo nangojea hiyo siku, mama."

Tulicheka. Vojko alikuwa amekaa pembeni na sahani yake, anakula kama mtu anayesoma barua. Marjeta alimwongezea bila kumuuliza. Miaka kumi na minane mfululizo alikuwa akimwongezea chakula bila kumuuliza.

Kisha ikaja mashindano ya mwaka mpya, yale ya vilima vinne ndani ya siku kumi, viwili Ujerumani, viwili Austria. Ndiyo mashindano ambayo watoto wetu huyaota. Baada ya vilima viwili Izidor alikuwa wa pili, nyuma kwa pointi mbili na nusu tu. Magazeti ya nyumbani yaliweka sura yake ukurasa wa kwanza. Yeye alikuwa halali vizuri, na alikuwa amepungua. Mifupa ya mashavu ilimtokeza kama ya mgonjwa. Nilimwambia Vojko, akasema ameona.

Kilima cha tatu, mchana, upepo ulikuwa wa kigeugeu. Mara ulikuja kwa mbele, ule unaombeba mrukaji, halafu ukafa, halafu ukaja kwa ubavu. Raundi ya kwanza, taa ya Izidor ikawaka kijani. Upepo wa mbele ulikuwepo, mzuri kabisa. Vojko hakushusha. Sekunde ya tano, ya sita. Sijui alisikia nini kwenye sikio lake. Aliposhusha, ya tisa, upepo ule mzuri ulikuwa umekwisha. Izidor alitua mapema, akaporomoka hadi nafasi ya sita.

Kati ya raundi mbili nilikuwa kibandani kwetu nafuta skii zake. Wengine walikuwa nje. Izidor akaingia, akavua helmeti akaitupa juu ya meza yangu ya nta, chupa zikaanguka. Vojko akaingia nyuma yake na kufunga mlango.

"Ulikuwa unangoja nini?" Izidor akauliza.

"Upepo ulikuwa unakuja kwa ubavu."

"Haukuja!"

"Sikuwa na hakika."

"Huna hakika, huna hakika! Taa ikiwa kijani ni kijani. Waamuzi wapo, vipimo vipo, wewe unasikiliza sikio lako kama bibi mwenye baridi yabisi." Sauti yake ilikuwa imepasuka. "Unajua shida yako? Unaogopa. Uliacha kuruka na miaka ishirini na tatu kwa sababu ya woga, kila mtu kijijini anajua, na sasa unaogopa kwa niaba yangu. Mimi sikukuomba."

Niliendelea kufuta skii ileile. Vojko alikuwa ameinama anaokota chupa zangu. Aliziweka mezani moja moja.

"Kwa hiyo unataka nini?" akauliza.

"Nataka taa ikiwaka ushushe. Basi."

"Basi?"

"Basi, kocha. Unipe nafasi yangu tu."

Vojko alijifuta nta mikononi. Nilidhani atamtimua, au atamshika kichwa kama alivyozoea. Akasema, "Haya. Taa ikiwaka nitashusha." Akatoka.

Raundi ya pili nilikuwa chini ya jukwaa la makocha, nimesimama kwenye ngazi, namwona Vojko mgongo. Taa ya Izidor ikawaka. Upepo kwenye skrini ulikuwa ndani ya mipaka, siwezi kusema haukuwa. Lakini kule ng'ambo, vichwa vya misonobari vilikuwa vimeanza kuinama kuelekea kwetu, na Vojko aliviona, kwa maana niliona shingo yake ikigeuka. Sekunde ya pili. Akashusha.

Izidor aliruka vizuri. Hilo nitaliapia popote. Aliondoka ukingoni kama kisu, akalala juu ya skii zake, na kwa mita sitini nilifikiri kijana alikuwa na haki na sisi wazee ni wapumbavu. Kisha ule upepo ukamfikia kwa ubavu. Skii ya kushoto ikainuka kama mtu kaivuta kwa kamba. Akageuka angani, akaanguka kwa mgongo na nyonga, akaserereka mpaka chini kabisa, skii moja bado mguuni. Watu elfu ishirini na tano wakanyamaza kwa pamoja. Nilisikia pikipiki ya theluji ya waokoaji ikiwashwa.

Vojko alikuwa bado ameshika bendera ikiwa chini.

Nyonga ilivunjika mahali pawili. Kano za goti la kulia zilikatika zote. Ubongo ulitikisika. Siku ya tatu tuliporuhusiwa kumwona, alikuwa mweupe kama shuka. Nilimuuliza anakumbuka nini.

"Kifungua kinywa," akasema. "Mayai. Bine alikuwa anamwigiza mhudumu."

"Baada ya hapo?"

"Hakuna. Wewe upo hapa."

Vojko alikuwa dirishani. Sikuthubutu kumtazama.

Waandishi walimngoja nje ya hospitali. Wakamuuliza kwa nini alishusha bendera upepo ukiwa vile, yeye, mtu wa sekunde ya nane. Alisema, "Nilikosea. Mwenye bendera ni mimi." Wakamuuliza tena kwa namna nyingine. Akajibu maneno yaleyale.

Tulirudi nyumbani kwa gari la timu, yeye anaendesha. Tulipoingia kwenye handaki la barabara lipitalo chini ya Karavanke nikaona hapa ndipo mahali, hakuna wa kunitazama usoni.

"Mwambie," nikasema.

"Nimwambie nini?"

"Unajua. Alichosema kibandani. Waambie na hao wa magazeti."

"Alisema vile mtoto anavyosema akiwa na hasira."

"Ana miaka ishirini na minne, Vojko."

"Kwangu ana sita." Aliendesha kidogo. "Sikiliza. Yule amelala pale na chuma kwenye nyonga. Akipona, atapanda tena juu kwenye ile boriti. Unataka akae pale akijua ni yeye aliyejivunja? Heshima yangu itamsaidia nini? Mimi ningeweza kusema hapana. Sikusema. Imekwisha."

"Na watu watakavyokusema?"

"Waseme."

"Marjeta je?"

Tulipotoka upande wa pili theluji ilikuwa inanyesha, akawasha vifutio vya kioo. "Ciril, niapie," akasema. Nikaapa. Niliapa upesi, kama mtu anayekubali kikombe cha chai.

Msimu wenyewe haukungoja mtu. Kila wiki kilima kingine: Poland, Japani, Ujerumani tena. Tulibaki na warukaji wanne na kocha asiyeweza kushusha mkono. Ilikuwa ikiwaka taa ya kijani, nami naona bendera inatetemeka juu, sekunde zinaisha, anaishusha kwenye ya kumi kamili, upepo mzuri umeshapita. Mmoja baada ya mwingine walikosa raundi ya pili. Bine peke yake ndiye aliyeendelea kutania.

"Kocha, jana nimekaa kwenye boriti mpaka nikamaliza kumwandikia mke wangu barua."

"Samahani, Bine."

"Hapana, ni barua nzuri. Sijawahi kuandika nzuri kama hiyo."

Lakini akiwa na mimi kwenye nta alisema mengine. "Huyu mtu anakufa, Ciril. Fanya kitu. Nyinyi ni ndugu, si ndugu?" Nilimwambia nitafanya. Sikufanya.

Kijijini mambo yalikuwa mabaya zaidi. Hakuna aliyemtukana. Kwetu watu hawatukani, wanapunguza salamu. Mwuza mikate alimpa mkate bila neno. Kwenye mkutano wa klabu viti vya kushoto na kulia kwake vilibaki vitupu. Mwisho wa Januari, siku tuliyotoka Japani, tulikuta kreti mlangoni kwake. Ndani mlikuwa na zile skii ndogo alizomnunulia Izidor alipotimiza miaka saba, glavu, kofia ya sufu, na picha, zote zimepangwa vizuri. Marjeta alikuwa ameziosha hata glavu. Vojko aliibeba kreti ile akaiingiza ndani, akatoka tena na kuniuliza kama nina haja ya kupelekwa nyumbani. Nyumba yangu ni ya nne kutoka kwake.

Siku chache baadaye nilikutana na Marjeta dukani. Nikamwamkia. Alinitazama, akaendelea kuchagua vitunguu.

"Marjeta, ni mimi."

"Naona ni wewe. Bado unamsafishia yule mtu vyombo vyake?"

"Namsafishia Bine na wenzake."

"Mwanangu alikwenda chooni leo kwa mara ya kwanza bila kushikwa," akasema. "Nimekwambia ili ukamwambie. Afurahi."

Dada wa duka alikuwa anasikiliza, na wanawake wawili kwenye foleni. Niliacha sukari yangu kwenye kaunta nikatoka. Nataka niseme ukweli hapa, maana nimejiongopea vya kutosha: nilichokifanya baadaye sikukifanya kwa ajili ya Vojko peke yake. Nilikifanya pia kwa ajili ya vile vitunguu.

Katikati ya Februari nilikwenda kumtembelea Izidor kwenye kituo cha mazoezi ya viungo. Alikuwa amenenepa kidogo, uso umerudi. Alikuwa anainua mguu ukiwa umefungwa mfuko wa mchanga, anahesabu, anatukana kila akifika nane. Tuliongea habari za skii. Kisha akaniambia kuna kituo cha televisheni kitakuja kumhoji wiki ijayo, saa nzima.

"Utasema nini?"

"Nitasema yalivyo. Kwamba aliniona mimi ni nafasi ya pili, si mtu. Alitaka kombe, akashusha." Aliweka mguu chini. "Miaka kumi na minane nimemwita mzee. Sikuwa na baba, nikamfanya huyo. Na amekuja hapa mara moja tu, Ciril! Mara moja, akakaa dakika kumi, anatazama kiatu. Mwoga yule. Mama anasema alikuwa mwoga tangu ujana, mimi ndio sikujua."

"Ulijua," nikasema.

"Nini?"

"Ulijua. Ulimwambia mwenyewe. Kibandani, kabla ya raundi ya pili, nilikuwepo."

Nikamwambia yote. Sikupunguza neno, hata lile la bibi mwenye baridi yabisi. Nilipokuwa nikisema nilijisikia vizuri, kama mtu anayetua gunia. Nilipomaliza nikamtazama usoni, na ile raha ikaniisha papo hapo.

"Unasema uongo," akasema.

"Kwa nini niseme uongo?"

"Kwa sababu nyinyi ni wamoja. Amekutuma."

"Aliniapisha nisiseme. Angejua nipo hapa angenivunja shingo."

Kwenye kitanda cha jirani mzee mmoja alikuwa anajifunza kukunja vidole. Mwishowe Izidor akasema, kwa sauti ya chini, "Toka, Ciril," nami nikatoka.

Wale wa televisheni walikuja, akawarudisha.

Msimu huishia Planica, kwetu, kwenye kilima kikubwa kuliko vyote vyetu, mwisho wa Machi theluji ikiwa imeanza kulainika mchana. Watu huja kutoka kila bonde na bendera na matarumbeta na soseji. Kwa Bine ilikuwa siku ya kuaga. Mke wake na mabinti zake wawili walikuwa chini wakiwa na bango. Kwa desturi, mrukaji anayestaafu huruka mara ya mwisho, akatua, wenzake wakambeba.

Izidor alikuja kwa magongo, na Marjeta. Nilimwona kwenye uzio. Hakunipungia.

Upepo ulianza saa sita. Mashindano yalisimama, yakaendelea, yakasimama. Bine akapanda boriti. Taa ikawaka kijani. Nilikuwa kwenye ngazi chini ya jukwaa, kama siku ile, Vojko mgongo wake kwangu, kofia ameivua. Upepo haukuwa mbaya. Nasema haukuwa mbaya, na wengine watano walikuwa wameruka ndani yake wakatua salama. Sekunde ya tano, ya saba. Watu walikuwa wanaimba jina la Bine. Ya tisa. Mkono wa Vojko ulikuwa juu na bendera ndani yake, wala haukutetemeka. Ulikuwa umesimama tu, kama wa sanamu. Taa ikawa nyekundu.

Kwanza watu hawakuelewa. Kisha miluzi ikaanza, elfu nyingi, mpaka bonde likalia. Bine alibaki amekaa kidogo, halafu akajivuta pembeni kwenye boriti, akavua skii, akaziweka begani na kuanza kushuka ngazi. Ngazi za kilima kile ni nyingi kupita kiasi. Ilimchukua dakika kadhaa, na watu wote wakimtazama.

Alipofika kwenye jukwaa letu, alisimama mbele ya Vojko akihema.

"Kocha, nimeshuka salama. Mke wangu atakushukuru." Akahamishia skii bega la pili. "Mimi, nipe wiki mbili hivi." Akapita.

Vojko akampa kocha msaidizi bendera, akaja kibandani kwangu, akaketi juu ya sanduku. Nilimpa chai akaishika. Muda si muda tukasikia magongo kwenye mbao za mlango.

Izidor aliingia, akaegemea meza ya nta.

"Ciril aliniambia," akasema.

Vojko alinitazama mimi, si yeye. Sikuwahi kutazamwa hivyo na mtu ninayempenda.

"Ni kweli?" Izidor akauliza.

"Sikumbuki."

"Na wewe uligonga kichwa?"

Vojko akaweka chai chini.

"Nilisema uliacha kuruka kwa woga?"

"Hilo lilikuwa kweli," Vojko akasema. "Hukunionea."

"Na nilisema ushushe taa ikiwaka tu."

"Ulisema. Na mimi nilikuwa na mdomo wa kukataa. Niliiona miti, Izidor. Niliiona inainama. Nikasema moyoni, haya, ngoja aone. Sikiliza vizuri, maana huyu rafiki yangu mwenye huruma hakujua kukwambia sehemu hiyo. Sikushusha kwa ajili yako. Nilishusha kwa sababu uliniumiza."

Nje watu walikuwa wanamshangilia mtu mwingine. Izidor alisimama vilevile. Nilidhani atampiga kwa gongo, na nadhani Vojko alilitamani hilo.

"Nimekuchukia miezi miwili na nusu," Izidor akasema. "Asubuhi naamka nakuchukia, nainua mguu. Ilikuwa inasaidia. Sasa hiyo chuki sijui niiweke wapi."

"Endelea kuiweka kwangu."

"Haikai tena."

Akageuka kwa shida, kibanda kikiwa chembamba, magongo yakigonga sanduku na miguu ya meza. Vojko alinyanyuka kumsaidia mlangoni, Izidor akakubali kushikwa kiwiko mpaka ngazi ya chini. Waliachana hapo. Vojko aliporudi ndani akachukua koti lake.

"Ulidhani unanisaidia mimi," akaniambia. Halafu akaenda.

Aliacha kazi wiki hiyohiyo. Sasa yuko kwenye kiwanda cha mbao cha shemeji yake, juu ya kijiji. Tukikutana ananisalimia vizuri, ananiuliza habari za mke wangu, na hasimami.

Mwezi wa Mei, kwenye mkutano wa klabu, Izidor alisimama mbele ya watu wote akasimulia alichomwambia kocha siku ile kibandani. Hakujitetea. Watu walitazama sakafu, na siku iliyofuata mwuza mikate alimwuliza Vojko kama kazi ya mbao inamuumiza mgongo. Marjeta aliondoka katikati ya mkutano. Alinikuta nje, nimetangulia kutoka, navuta sigara.

"Mwanangu alikuwa na mtu wa kumlaumu, akawa analala," akasema. "Sasa halali. Wewe ulikuwa unataka nini kwetu, Ciril?"

Niliizima sigara yangu kwa buti, na swali lake bado ninalo.

Septemba, akiwa ameshaacha magongo, Izidor alipanda kilima cha klabu cha ukubwa wa kati, chenye nyasi za plastiki za kurukia bila theluji. Aliruka mara mbili, kocha mpya akimshushia bendera. Ilikuwa miruko mizuri. Mimi mwenyewe nilimtengenezea skii. Alizivua, akaniletea, akasema basi, ameacha. Nilimuuliza kwa nini.

"Goti," akasema.

Ni miaka mitatu sasa. Anafundisha michezo kwenye shule ya mama yake, na watoto wanampenda. Jumapili namwona akipanda ngazi za kanisa, mbili mbili, goti halimsumbui hata kidogo.